Balozi wa Vitabu na Mbuzi Aliyekataa Kuvuka Mto: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Kampala

Barua ilitufikia Jumanne na ilitupa wiki tatu. Shirika moja, jina lake nalihifadhi, lilikuwa limepata fedha za miaka miwili za kumgharimia balozi wa taifa wa usomaji wa watoto hapa Uganda, nalo likaomba kila kundi la lugha lipendekeze mtu mmoja. Sisi ndio kundi la Kiswahili: walimu wanne, wahudumu wawili wa maktaba (mmoja wao ni mimi), mchapaji wa Nasser Road (mtaa wa wachapaji hapa Kampala), Hajati aliyestaafu kazi ya benki, na Afande, sajini mstaafu anayefundisha Kiswahili jioni kwa yeyote anayelipa na kwa wengi wasiolipa.

Fomu ilikuwa ya ukurasa mmoja. Mstari wa jina, kisanduku cha picha, na nafasi ya "sababu" isiyozidi maneno mia. Nikiitazama leo naona kosa letu la kwanza lilikuwa limeshachapwa pale juu. Fomu iliuliza nani, na haikuuliza kitu kingine chochote. Nasi kama watoto wa mtihani tukakimbilia kujaza nani.

Kikao cha kwanza kilitoa majina matatu.

La kwanza lilikuwa la mchekeshaji wa redio na televisheni, kijana anayejulikana kuanzia Busia hadi Arua, mwenye Kiswahili cha mjini kinachochanganywa na Luganda bila kona kusikika. Walimu vijana walimtaka. Hoja yao ilikuwa nyepesi na si ya kipuuzi: mtoto hawezi kumfuata mtu asiyemjua.

La pili lilikuwa la mama mmoja mwandishi, ambaye sote tunamwita Jajja, yaani bibi kwa Luganda. Ameandikia watoto kwa Luganda na Kiingereza tangu baadhi yetu hatujazaliwa. Kiswahili chake ni cha salamu na bei za soko, lakini kama ni jasho la vitabu vya watoto nchini, jasho lake limelowesha kanga nyingi.

La tatu nililileta mimi. Ni mkimbizi kutoka Kongo anayeendesha rafu ya vitabu katika makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Watoto wa kule humwita Papa, basi nasi tumwite hivyo. Hajachapisha kitabu hata kimoja. Niliwahi kumwona akisomea watoto zaidi ya sitini chini ya turubai, mvua ikipiga, bila kupandisha sauti. Sijui alifanyaje. Nilichoona ni kwamba watoto ndio walioshusha za kwao.

Tulibishana saa tatu. Tukala chapati. Tukabishana tena. Mwishowe mwalimu mmoja, mama wa darasa la tatu katika shule ya mtaa wetu, akasema, "Mnagombania mchumba ambaye bibi harusi hajamwona." Akatoa shule yake: madarasa matatu ya P3, yaani mwaka wa tatu wa msingi, kila mgombea apewe moja, nusu saa, asome kitabu. Tukakubali, na nadhani lilikuwa jambo pekee la busara tulilofanya mwezi ule, ingawa nalo lilikuwa na mashimo yake.

Jumatano ya majaribio

Jajja aliingia kwanza, saa tatu asubuhi. Alikuwa na kitabu chake mwenyewe, cha Kiingereza, kilichofungwa katika mfuko wa nailoni kama cheti cha ardhi. Watoto walisimama, wakamwamkia kwa wimbo, wakakaa. Alisoma vizuri, kwa mpangilio, akionyesha picha. Alipouliza, "Mmeelewa?" darasa zima likaitikia ndiyo kwa sauti moja. Mwalimu yeyote anaijua itikio ile. Ni ndiyo ya adabu. Lakini mwisho wa kipindi alifunga kitabu na kuanza kuwauliza majina ya bibi zao na walikotoka, kwa Luganda, na hapo mikono ikaanza kupanda. Dakika zake bora zilikuwa zile tano ambazo hakusoma.

Mchekeshaji alichelewa. Aliingia baada ya chakula cha mchana, matumbo yamejaa posho (ugali wa kwetu) na maharagwe, na bado aliwaamsha. Walicheka hadi mtoto mmoja akaanguka kwenye benchi. Hadithi aliisoma kwenye simu, akiruka aya, akiigiza sauti, akikatiza kwa utani wake wa redioni. Alipomaliza wakamwomba arudie ule utani. Hadithi hakuna aliyeiulizia. Simlaumu. Mchekeshaji alifanya kazi ya mchekeshaji.

Papa alikuwa amepanda basi la alfajiri kutoka Mbarara, akapewa darasa la mwisho, saa ya watoto kutazama mlango. Alitoa karatasi nne za fotokopi zilizobanwa katikati, hadithi ya mbuzi aliyekataa kuvuka mto. Akaanza: "Batoto, munamuona huyu mbuzi?"

Lazima nisimame hapo kwenye "batoto", maana kikao kizima kilisimama hapo baadaye. Mmoja wa walimu wetu, mtu wa sarufi, alikunja uso kana kwamba ameuma pilipili. Kiswahili cha Kongo hutumia ba- pale sisi tuliosoma vitabu vya Pwani tunapoweka wa-: batoto, bantu. Kwa mwalimu wetu hilo lilikuwa kosa la kupigiwa mstari mwekundu. Lakini angalia darasa lilikuwa la nani. Watoto wale nyumbani husema abaana na abantu. Ile ba- ya Papa iliingia masikioni mwao kama jirani anayebisha hodi, wakati wa- ya kwenye kitabu cha kiada huingia kama mkaguzi. Nimefanya kazi na vitabu miaka kumi na moja na sikuwahi kuliwaza hilo hadi siku ile.

Alisoma polepole. Kila ukurasa aliwauliza mbuzi afanye nini, na akawasikiliza kweli, pamoja na mmoja aliyesisitiza kwamba mbuzi apande bodaboda. Kengele ikalia kabla hajafika mwisho. Papa alikuwa na basi la kuwahi. Akakunja karatasi zake, akaaga, akaondoka.

Kesho yake asubuhi mwalimu wa darasa akanipigia simu. Darasa limegawanyika, alisema, wengine wanaapa mbuzi alivuka, wengine wanaapa alirudi nyumbani, na wawili wameshapigana. "Niletee hicho kitabu." Nikamwambia kitabu kimeondoka na mwenyewe. Akanyamaza, kisha akauliza swali ambalo fomu yetu haikuuliza: "Sasa mlimleta wa nini?"

Tulimpata Papa kwa simu, akapiga picha kurasa nne, akazituma kwa WhatsApp. Mwalimu akawasomea watoto kwenye kioo cha simu yake, wamemzunguka kama kuku kwenye punje. Mbuzi, kwa taarifa yenu, hakuvuka. Mto ndio uliokauka.

Kasoro za jaribio

Yanayofuata nayasema kwa sababu wapo waliotaka tuyachukue matokeo kama kura ya Mungu. Wasomaji watatu walipewa saa tatu tofauti za siku, madarasa matatu tofauti, na lugha tatu tofauti. Jajja alisoma kwa Kiingereza kwa sababu tulimwambia ni shule ya mjini. Angeachwa asome kwa Luganda, huenda mikono ingepanda tangu ukurasa wa kwanza. Na ile kengele iliyomkatiza Papa ilimsaidia kuliko sifa yake yoyote. Hadithi isiyokwisha ina meno.

Hata hivyo jambo moja halikutegemea saa wala lugha. Wasomaji watatu waliingia katika shule moja siku moja, na jioni ile hakikubaki kitabu hata kimoja. Cha Jajja kilirudi kwenye nailoni, kwa sababu ndiyo nakala aliyobaki nayo. Cha mchekeshaji kilizimika na simu. Cha Papa kilipanda basi.

Tulichokuwa tunakiiga

Cheo hiki kina asili yake, na ni vizuri kuijua kabla ya kukivaa. Uingereza walianza mwaka 1999, na wa kwanza kuteuliwa alikuwa mchoraji, Quentin Blake. Marekani walianza 2008 na Jon Scieszka. Nyuma ya cheo cha Marekani wapo Maktaba ya Bunge la nchi hiyo na Children's Book Council, ambacho ni chama cha wachapishaji wa vitabu vya watoto. Balozi hukaa miaka miwili, huchagua kaulimbiu yake, huzunguka nchi. Wapo waliokifanya cheo kiwe kikubwa: Walter Dean Myers, aliyeacha sekondari kabla ya kumaliza, alizunguka tangu 2012 akisema kusoma si jambo la hiari. Meg Medina, aliyeteuliwa 2023, alianza kaulimbiu yake kwa neno la Kihispania, ¡Cuéntame!, yaani nisimulie, katika nchi ambayo mamilioni ya watoto huongea Kihispania mezani na Kiingereza darasani.

Niliposoma haya kikaoni, walimu walitikisa vichwa kwa kuridhika. Afande ndiye aliyeona nisichokiona. "Huko," alisema, "ghala limejaa, wakamtafuta mtu wa kuonyesha mlango wa ghala. Sisi tunatafuta mtu wa kuonyesha."

Ndivyo ilivyo. Cheo kile kilizaliwa na maktaba na wachapishaji, watu wenye bidhaa tayari. Balozi akiamsha hamu ya mtoto Jumatatu, Jumanne mtoto anaweza kuikidhi, maktaba ipo. Hapa kwetu Maktaba ya Taifa ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, na zipo maktaba za jamii zilizoanzishwa kwa ubishi wa watu wachache. Ile ya Kitengesa, karibu na Masaka, ilianza na sanduku la vitabu. Lakini mtoto wa P3 aliye mbali na sanduku, akishaamshwa hamu, ataipeleka wapi?

Upande wa lugha, mfano wa Marekani haukutufaa hata kidogo. Katiba yetu inaorodhesha jamii 65 za wenyeji. Tangu mtaala wa mwaka 2007, watoto wa P1 hadi P3 wanatakiwa kufundishwa kwa lugha ya eneo lao, na P4 ndilo daraja la kuvukia Kiingereza. Balozi mmoja mwenye lugha moja atakuwa bubu katika wilaya nyingi. Walioonekana kulifikiria hili ni Wales, nchi ndogo yenye lugha mbili. Tangu mwaka 2000 wana mshairi wa watoto kwa Kiwelisi, aitwaye Bardd Plant Cymru, na mwaka 2019 wakaongeza mwenzake anayetumia Kiingereza. Vyeo viwili, taasisi moja. Australia nao walipoanza mwaka 2012 waliteua wawili kwa pamoja, Alison Lester na Boori Monty Pryor, huyu wa pili akiwa msimulizi mwenye asili ya Waaborijini. Kwa hiyo "jina moja" la fomu yetu lilikuwa mazoea ya aliyeiandika tu. Hakuna sheria ya cheo inayolidai.

Kiswahili chetu na kidonda chake

Kwa kundi letu lilikuwapo jambo la ziada ambalo wenzetu wa Luganda au Ateso hawalibebi. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaazimia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kwenye karatasi ni safari ya kupanda. Kwenye kumbukumbu za watu si hivyo.

Hajati alilisema bila hasira, akichochea chai: "Mimi Kiswahili nilikijulia kwenye vizuizi vya barabarani. Toa kitambulisho. Shuka. Lala chini. Hayo ndiyo yalikuwa masomo yangu." Afande, aliyevaa sare miaka mingi, alitazama meza. Hakuna aliyejibu na hakikuhitajika jibu.

Nadhani hapo ndipo kikao kilipobadilika. Hadi dakika ile tulikuwa tukitafuta mtu atakayekipa Kiswahili heshima: sarufi safi, jina kubwa, suti. Hajati alituonyesha kwamba bibi wa mtoto wa P3 huenda hajawahi kusikia Kiswahili kikisimulia kitu. Amekisikia kikiamrisha. Basi sauti inayohitajika ni ile isiyopanda hata mvua ikipiga turubai, na ba- yake ikiwa ya Kongo, na iwe.

Mwalimu wa sarufi alipinga. Mtihani, alisema, hautasahihishwa kwa Kiswahili cha Nakivale. Ana haki. Ila balozi hatungi mtihani.

Neno "taifa"

Kisha tukagonga mwamba. Balozi wa taifa anaweza kuwa mkimbizi? Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea nchini. Hakuna kinachomzuia Papa kupanda basi na kusoma Gulu. Lakini walimu wawili walihofia magazeti: Waganda wote hawa, mmeshindwa kumpata mmoja? Mimi nilikuwa na hotuba ndefu juu ya Wakongo wanaosomesha watoto wao hapa na kulipa kodi ya soko hapa. Niliitoa yote. Ilikuwa hotuba nzuri.

Tukampigia Papa kumuuliza kama yuko tayari. Akasikiliza, akashukuru, akauliza: "Nikitoka kwenda kuzunguka, nani atafungua rafu?"

Hatukuwa na jibu. Mwenzake hayuko. Ana ufunguo mmoja, naye ndiye anaubeba. Tulikuwa tayari kuifunga maktaba ya watoto inayofanya kazi ili tupate mtu wa kwenda kusifia maktaba. Hotuba yangu yote ilikuwa ya haki ya Papa kuchaguliwa. Sikuwa nimefikiria haki ya wale sitini wa turubai kubaki naye.

Kura

Mchekeshaji alijitoa mwenyewe kwa ujumbe wa sauti, kwa uungwana, akisema angependa kuja tena shuleni lakini "cheo kina vikao vingi". Bado walibaki wawili. Mimi na wengine watatu tulimpigia Papa, kwa sharti la kumlipa msaidizi wa kufungua rafu. Watano walimpigia Jajja. Siku hiyo nilirudi nyumbani nimenuna. Sasa nadhani watano wale walikuwa sahihi kwa sababu ambayo wao wenyewe hawakuitaja. Jajja ana vitabu ambavyo havichapwi tena. Cheo kikimpa nguvu ya kuvirudisha kwenye mashine, na vikatafsiriwa Kiswahili na lugha nyingine, kitakuwa kimeacha kitu nyuma yake. Na zile dakika tano za majina ya bibi, hizo hazifundishwi.

Lakini hatukutuma jina tupu. Afande alikuwa ameshaanza hesabu yake. Alimuuliza mchapaji wetu nakala moja ya hadithi ya mbuzi, karatasi nne, kukunja na kupiga pini katikati, ni shilingi ngapi ikichapwa nyingi. Akapata bei, na tangu hapo hakuna gharama aliyoisoma kwa shilingi. Nauli ya balozi kwenda Moroto: mbuzi kadhaa. Hoteli: mbuzi kadhaa. Posho ya kikao, na hapa alisema posho kwa maana zote mbili, ile ya fedha ya Watanzania na ile ya sahani ya kwetu: mbuzi wengi mno. Ilianza kama mzaha, na ndiyo iliyoandika nusu ya barua yetu.

Tuliomba mambo matatu. Balozi asiende shule yoyote bila nakala arobaini za kile atakachosoma, na nakala hizo zibaki. Katika kila eneo asome pamoja na msomaji wa lugha ya pale, mwenye jina na malipo kwenye bajeti. Kwa Nakivale ni Papa, kwenye rafu yake, bila kusafiri. Na hadithi za kuanzia zitolewe kwenye mkusanyo wa African Storybook, ulioanzishwa Afrika Kusini, ambao leseni yake inaruhusu kuchapa na kutafsiri bila kuomba ruhusa, na ambao tayari una hadithi za Kiswahili, Luganda na lugha nyingine za kwetu. Mwalimu wa sarufi alijitolea kusahihisha tafsiri. Alipoulizwa kuhusu "batoto" alisema ataweka maelezo madogo chini ya ukurasa, na kwa mtu yule hayo yalikuwa makubwa.

Maneno mia hayakutosha, tukaambatanisha kurasa mbili. Kwenye mstari wa jina Afande, mwenye mwandiko mzuri, aliandika la Jajja, akaweka "na", akaandika la Papa. Shirika likatujibu baada ya siku nne: chagueni mmoja. Tukalikata la pili kwa mstari mmoja mwembamba, ili lisomeke.

Wiki iliyopita lilikuja jibu jingine. Jina limepokelewa. Mapendekezo yetu "yanatafakariwa". Kwa sasa wanaomba picha ya Jajja yenye ubora wa juu, kwa ajili ya bango la uzinduzi la mita sita. Picha tumeituma. Kuhusu bango, Afande ameomba aachiwe yeye ajibu, na tangu jana yuko Nasser Road akiulizia bei.